Meno ya punda na farasi: Pesa kidogo zinunue kifaa gani kwanza?

PUNDA hasemi akiumwa na jino. Huendelea kuvuta mkokoteni wa maji, huendelea kusimama mbele ya nyasi zake asubuhi na jioni, na mwenyewe hushtuka tu siku anapoona mbavu zinaweza kuhesabika. Dawa ya minyoo hununuliwa, pumba huongezwa, na bado mnyama anazidi kukonda. Ni wachache wanaokumbuka kumfungua kinywa na kutazama magego ya nyuma, mahali ambapo jicho halifiki bila tochi na mkono haufiki bila kifaa.

Shida ni kwamba kifaa chenyewe hakipatikani kwa urahisi. Maduka mengi ya dawa za mifugo huuza sindano, hereni za masikioni na mabomba ya kunyunyizia dawa ya kupe, lakini si tupa ya meno ya punda. Mhudumu wa mifugo akitafuta mtandaoni hukutana na seti zinazong'aa za mamia ya maelfu ya shilingi, kando yake zikiwa nyingine za bei ya kutupa ambazo kwenye picha zinafanana nazo kama mapacha. Nyingi zilibuniwa kwa ajili ya farasi wakubwa wa Ulaya na Marekani, si kwa punda wa Mwea, Limuru au Lamu mwenye kinywa chembamba.

Anayekosea kununua hapa hupoteza mara mbili. Pesa zimekwenda, na mnyama naye bado hajapata nafuu.

Hasara hiyo inauma zaidi siku hizi kwa sababu punda si mnyama wa bei rahisi tena. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Kuanzia 2016, machinjio yaliyopewa leseni yalianza kuwanunua kwa ajili ya soko la China, ambako ngozi huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilikadiria kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana mjini Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Katikati ya mvutano huo wote bei sokoni ilipanda, na wizi wa punda ukawa kilio cha vijiji vingi. Mwenye mkokoteni ambaye zamani alimuuza punda aliyekonda na kununua mwingine, leo hana budi kumtunza huyo aliye naye.

Na punda akitunzwa anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Kinachomkatiza njiani mara nyingi huwa ni kazi nzito, vidonda vya mgongoni, kwato zilizoachwa bila kukatwa, na meno.

Kinachotokea kinywani

Ili kujua kifaa cha kununua, ni vyema kwanza kuelewa kazi inayofanywa. Punda na farasi wana magego 24, sita kila upande, juu na chini. Magego haya hayaishi kuchomoza. Kila mwaka jino husukumwa nje ya ufizi kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3, na kutafuna nyasi kavu zenye vumbi na mchanga ndiko kunakolisaga lisirefuke. Ni mfano wa penseli inayosukumwa kutoka chini huku ikichongwa kutoka juu. Penseli ikiisha, imeisha. Ndiyo maana mnyama mzee hubaki na mapengo.

Maumbile yamempa mnyama huyu kasoro moja. Taya la juu ni pana kuliko la chini, na kwa punda tofauti hiyo ni kubwa hata kuliko kwa farasi. Kwa hivyo meno hayafunikani sawasawa. Ukingo wa nje wa gego la juu hubaki bila kusagwa na kuwa mkali kama kisu kuelekea shavuni, na ukingo wa ndani wa gego la chini hufanya hivyo hivyo kuelekea ulimini. Shavu hukatwa, ulimi hukatwa, na mnyama huanza kutafuna kwa upande mmoja. Upande usiotumika nao huzidi kurefuka.

Dalili huonekana kwa anayetazama. Mnyama hudondosha vidonge vya nyasi iliyotafunwa nusu. Mate hutoka, kinywa hunuka, shavu huvimba au chakula hukwama humo. Kinyesi huwa na nyuzi ndefu za nyasi zisizosagika. Farasi wa kupandwa hurusha kichwa lijamu inapovutwa. Wengine hupata maumivu ya tumbo kwa sababu nyasi ndefu huziba utumbo. Punda aliyeacha kula kwa siku chache yuko katika hatari nyingine ambayo wengi hawaifahamu: mafuta ya mwilini humwagika katika damu yake na kumharibu ini, na hapo anaweza kufa hata kama jino lenyewe lingetibika.

Kazi ya mtaalamu basi ni kuondoa ncha kali kwa tupa. Si kulainisha gego lote. Uso wa gego una mabonde na matuta kama jiwe la kusagia, na jiwe likilainishwa halisagi tena. Vifaa vingi vya bei ya juu vinavyotangazwa mtandaoni uwezo wao mkubwa ni kuondoa jino kwa haraka, wakati kazi hii yataka kuondolewa kidogo tu.

Chuma cha kupanulia kinywa

Kifaa cha kwanza, na ambacho hakifai kununuliwa kwa kubana pesa, ni chuma cha kupanulia kinywa. Aina inayotumika sana hufungwa kichwani kama hatamu, ina sahani mbili zinazokaa kwenye meno ya mbele ya juu na ya chini, na pande zote mbili ina meno ya kukazia yanayopanda hatua kwa hatua kama jeki ya gari. Bila chuma hiki hakuna anayeweza kulitazama gego la mwisho, na anayeingiza mkono huutia rehani.

Vipo vya aina hii vinavyotengenezwa Sialkot, Pakistan, mji unaojulikana duniani kwa vifaa vya hospitali, na vipo vya Ujerumani, Uingereza na Marekani. Kwa bei za miaka ya karibuni, cha bei nafuu hupatikana kwa dola 100 hadi 150 kabla ya usafiri, na cha bei kubwa huvuka dola 400. Cha bei nafuu si lazima kiwe kibaya. Kinachotakiwa ni kukikagua kabla ya kulipa, au kumtaka muuzaji atume picha za karibu.

Yatazamwe meno ya kukazia. Yakiwa mafupi au yamekwaruzika, chuma kitaachia ghafla mkono ukiwa ndani. Pande mbili zifunguke sawa. Upande mmoja ukitangulia, taya la mnyama hupindishwa. Viungo vya kulehemu visiwe na nyufa. Mikanda iwe mipana na iwe na matundu ya kutosha, kwa maana kichwa cha punda ni kidogo na mikanda ya farasi huning'inia juu yake. Sahani ndogo za kubadilisha ni jambo la lazima kwa anayetibu punda, na muuzaji asiye nazo afaa kupitwa.

Kuna vipanuzi vya aina ya kabari, ambavyo huingizwa upande mmoja katikati ya magego. Ni vyepesi na bei yake ni ndogo, na kwa sababu hiyo huwavutia wanaoanza. Kabari huweka uzito wote wa taya juu ya gego moja au mawili. Gego linaweza kupasuka, na kabari ikiteleza kazi yote huanza upya. Kwa uchunguzi wa dakika moja yaweza kusaidia, lakini si ya kutegemea.

Hata kilicho bora kina hatari yake. Mnyama akirusha kichwa akiwa amevishwa chuma hicho, aliyesimama mbele anaweza kuvunjika taya au mkono. Mtaalamu husimama kando, na kinywa hakiachwi wazi muda mrefu. Hufungwa kila baada ya dakika chache misuli ipumzike.

Tupa mbili au tatu

Katalogi za ng'ambo huonyesha tupa kumi na mbili katika mfuko wa ngozi, na mtu huweza kudhani kila moja ina lazima. Anayeanza anahitaji mbili, tatu zikizidi. Moja iliyonyooka kwa magego ya chini na ya katikati, moja yenye kichwa kilichoinuka kwa magego ya juu ya nyuma, na ndogo ya kona za mbele. Mpini uwe na urefu wa sentimita 45 hadi 60, na kichwa kiwe chembamba. Hapo kwenye wembamba ndipo wengi hukosea. Tupa ya farasi mkubwa ikiingizwa katika kinywa cha punda hukosa nafasi kati ya gego na shavu, na matokeo yake ni damu.

Jambo la pili ni bapa la kukatia. Tupa za zamani zilikuwa chuma kitupu, na ziliisha makali upesi. Za siku hizi huwa na bapa la tangisteni kabaidi, madini magumu mno, lililofungwa kwa skrubu. Zipo zilizogandishwa chembechembe zake juu ya chuma, ambazo bei yake ni ndogo lakini chembe hupukutika. Zipo nyingine za bapa zima lenye meno, ambazo hudumu na zinaweza kunolewa, ila zikianguka sakafuni hukatika kama kigae. Kwa mhudumu anayezunguka kwa pikipiki katika barabara za mawe, hilo si jambo dogo; kila tupa iwe na ala yake.

Iwe ya aina gani, bapa sharti liwe la kubadilishwa. Tupa moja huuzwa takriban dola 40 hadi 90, na bapa peke yake huwa nusu ya hapo au chini. Kabla ya kununua seti yoyote, muuzaji aulizwe iwapo bapa za akiba zipo na zinauzwa bei gani. Seti ya bei rahisi ambayo bapa zake hazipatikani ni seti ya kutumia mwaka mmoja.

Mnunuzi asisahau makali ya kingo. Kidole kikipitishwa kando ya kichwa cha tupa kisikwaruzwe, kwa sababu kinachokwaruza kidole kitachana ufizi.

Vitu vidogo vinavyosahaulika

Pesa zikiisha kwenye chuma na tupa, hapo wengi hukomea, na kumbe vilivyobaki ndivyo rahisi kupata. Tochi ya kichwani yenye mwanga mweupe hupatikana kwa shilingi elfu moja au mbili katika duka lolote la vifaa vya umeme, na huiacha mikono yote miwili huru. Kioo chenye mpini mrefu hufichua uwazi kati ya magego ambamo chakula hukwama na kuoza. Bomba kubwa la sindano, lile la kumnyweshea ng'ombe dawa, husafisha kinywa kabla ya uchunguzi. Ndoo mbili, brashi ngumu na dawa ya kuua vijidudu kama klorheksidini hukamilisha mzigo.

Ndoo ni mbili kwa sababu maalumu. Ugonjwa wa majipu ya koo hupita kutoka punda mmoja hadi mwingine kwa vifaa vyenye mate na usaha. Kikundi kinachonunua vifaa vya pamoja na kuvitumia bila kuvisafisha kati ya mnyama na mnyama kitakuwa kimenunua njia ya kusambaza maradhi. Baada ya kazi vifaa vikaushwe na kupakwa mafuta kidogo, hasa Pwani, ambako hewa ya chumvi hula hata kile kinachouzwa kwa jina la chuma kisichoshika kutu.

Mafundi wa jua kali nao wana nafasi yao. Sanduku la kubebea vifaa, kizimba cha mbao cha kumsimamisha mnyama, na stendi ya kuegemeza kichwa chenye pete iliyofungwa sponji ni kazi wanazoziweza vizuri kwa bei ya mtaa. Kizimba imara chafaa kuliko kamba nne na vijana sita. Lakini kuwaagiza wanakili chuma cha kupanulia kinywa ni kujitakia balaa, kwani kulehemu kukiachia hakuna wa kulaumiwa. Tupa ya seremala nayo ibaki kwa seremala. Meno yake ni makubwa, hushika jino na kulivunja ukingo.

Tupa za umeme

Hapa ndipo wauzaji husifia zaidi. Mashine yenye kichwa kinachozunguka humaliza kwa dakika chache kazi ambayo kwa mkono ingechukua nusu saa, na haimchoshi mtu bega. Kwa daktari anayehudumia farasi wa mbio za Ngong, wa polo wa Gilgil au wa shule za kupanda farasi za Karen, mashine ina maana. Wanyama ni wengi, umeme upo, na mwenye farasi hulipia dawa ya kutuliza bila kunung'unika.

Kwa mhudumu wa punda hesabu ni nyingine. Mashine zinazoaminika huanzia dola elfu moja na nyingi huzidi elfu mbili. Kichwa kinachozunguka hupasha jino joto, na kiini cha jino hai kikipata joto hufa, ingawa dhara lenyewe huweza kuonekana baada ya miezi. Ndiyo sababu hutakiwa maji ya kupoza na mguso mfupi mfupi. Isitoshe, mashine huondoa jino haraka kuliko asiye na uzoefu anavyotambua. Jino lililorefuka sana halipunguzwi siku moja. Hupunguzwa milimita chache, kisha mnyama hurudishwa baada ya miezi mitatu au minne. Kilichoondolewa kupita kiasi hakirudishwi.

Tena mnyama hatulii mbele ya mlio wa mashine bila dawa. Dawa za kutuliza ni za daktari wa mifugo, na punda huhitaji vipimo ambavyo si vile vya farasi. Gharama hiyo huongezeka kila siku ya kazi.

Koleo kubwa za kukatia magego marefu, ambazo bado huonekana katika seti za mitumba, zinafaa kuachwa kabisa. Zilitumika zamani, na mara nyingi hupasua jino hadi kwenye mzizi.

Kufanya hesabu

Chukua mfano wa kikundi cha watu 30 wenye mikokoteni, kila mmoja akiwa na punda wawili. Tuseme chuma cha kupanulia kinywa kimewafikia kwa Sh20,000, tupa tatu kwa Sh7,500 kila moja, tochi Sh2,000, kioo na kijiti cha kuchokonoa Sh3,000, bomba, ndoo na dawa Sh3,000, na hatamu imara Sh1,500. Jumla ni Sh52,000, yaani chini kidogo ya Sh1,750 kwa kila mwanachama.

Iwapo kila punda atachunguzwa mara moja kwa mwaka na Sh500 ziwekwe kando kwa ajili ya vifaa, pesa hizo zitakuwa zimerudi baada ya wanyama 104, karibu miezi 21. Mashine ya umeme ya Sh300,000 kwa punda hao hao 60 ingehitaji miaka 10, kabla ya kuhesabu dawa, bapa na matengenezo. Tarakimu zitabadilika kulingana na thamani ya dola na bei ya usafiri, na ni busara kumuuliza wakala wa forodha kuhusu ushuru kabla ya kutuma pesa. Lakini uwiano wenyewe haubadiliki sana.

Kuna swali la nani ashike tupa. Kenya ina sheria ya 2011 inayosimamia madaktari na wahudumu wa mifugo kupitia Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003. Tiba ya mnyama ni ya aliyesajiliwa. Kikundi kinaweza kumiliki vifaa, na hilo ni jambo zuri kwa sababu wahudumu wengi wamezoea ng'ombe na hawana vifaa vya punda. Lakini mkono uwe wa mtaalamu aliyefunzwa kinywa cha punda, na ni haki ya wanachama kumuuliza alijifunzia wapi. Yapo mashirika yenye uzoefu wa miaka mingi na punda hapa nchini, miongoni mwao Brooke na The Donkey Sanctuary, ambalo lilianza kazi Lamu mwaka wa 1987, mji ambao mchanga, mawe na saruji hupita vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Kikundi kinachotafuta mtu wa kuwafunza kianzie huko, au katika ofisi ya mifugo ya kaunti.

Mwenye punda mwenyewe ana kazi ya kutazama. Akiona mate mengi, mnyama ameshindwa kumeza na tabia yake imebadilika, asitangulize mkono. Kichaa cha mbwa huwapata punda, farasi na ng'ombe pia, na mate ndiyo njia yake. Aitwe daktari kwanza.

Ng'ombe na ngamia

Wauzaji wengine hutangaza seti moja kwa wanyama wote wakubwa. Hilo halina ukweli. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Mahali pake pana ufizi mgumu. Chuma cha farasi kinachokalia meno ya mbele hakina pa kushika. Vipanuzi vya ng'ombe ni vya umbo jingine, huingizwa upande wa magego, na kazi yake kubwa ni kuchunguza kinywa au kuondoa kiazi, embe au kokwa la parachichi lililokwama kooni. Magego ya ng'ombe hayahitaji kupigwa tupa kila mwaka. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hana haja ya seti hii, hata muuzaji aseme nini.

Ngamia naye, awe wa Marsabit au wa kubeba watalii ufuoni Mombasa, ana kinywa kirefu na chonge zinazoweza kumtoa mtu kidole. Uvimbe wa taya unaotoa usaha si wa kutibiwa kwa tupa. Huyo ni wa daktari, dawa ya kutuliza, na pengine upasuaji. Anayetaka kumhudumia ngamia atahitaji mpini mrefu zaidi na uzoefu ambao haununuliwi pamoja na kifaa.

Wanyama wasiohitaji tupa

Punda anayechunga nyasi ngumu kutwa husaga meno yake mwenyewe, na wengine wataonekana hawana ncha za kuondolewa. Mtaalamu mwaminifu atamfungua kinywa, atazame, kisha amwachilie bila kugusa jino, na bado atastahili kulipwa ada ya uchunguzi. Kikundi kikimlipa kwa kila jino alilosugua, atasugua yote.

Wanaohitaji jicho la karibu ni vijana na wazee. Punda hubadilisha meno kuanzia karibu miaka miwili na nusu hadi mitano, na kipande cha jino la utotoni huweza kukwama na kumuumiza. Mzee aliyepita miaka 20 mara nyingi hubakiwa na jino dogo la kusagwa, na pesa zake nyingi zafaa kwenda kwenye chakula kuliko kwenye tupa: nyasi zilizokatwa fupi kwa mashine, pumba iliyolowekwa, na nafasi ya kula peke yake bila kusukumwa na wenzake. Mashine ya kukatia nyasi ambayo jirani anaitumia kwa ng'ombe wake inatosha.

Meno pia huokoa pesa sokoni. Anayemnunua punda amfunue midomo kabla ya kutoa pesa. Meno yote ya mbele ya ukubwani yakiwa yametoka, mnyama ametimiza karibu miaka mitano. Yakiwa yameinamia mbele na kurefuka, umri umekwenda. Kinywa kinachonuka au shavu lenye uvimbe ni sababu ya kupunguza bei, au kumwacha muuzaji na punda wake.

Kwa kikundi chenye nusu tu ya pesa hizo, mpangilio ni huu: tochi, ndoo, bomba na hatamu mwezi wa kwanza, chuma cha kupanulia kinywa kikifuata, tupa mbili baadaye, zikiwa na bapa za akiba. Hata kabla ya tupa kufika, daktari anayekuja na zake atawatenga punda wanaohitaji huduma na wasiohitaji. Daftari nalo lifunguliwe siku hiyo hiyo. Humo iandikwe tarehe, jina la punda, gego lililoguswa, na kipimo cha kifua chake kwa utepe wa fundi cherehani, kisha kipimo hicho kirudiwe kila mwezi.